Mwalimu wa Kompyuta na Mayai ya Kina Mama

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa akifunga mlango saa mbili kamili asubuhi, na akishaufunga hakuna aliyeingia. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu na mbolea hapa Nyeri mjini, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi pamoja nasi hadi darasani. Ukichelewa ungemwona kupitia kioo cha mlango, amesimama na chaki mkononi, anakutazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Mtu akikufungia kwa hasira unaweza kungoja hasira ipoe. Yule alikufungia kwa amani.

Nilikuwa mwanafunzi wake kwanza, kisha akaniajiri kuwa sekretari wa chuo, nikakaa naye miaka kadhaa. Kwa hivyo ninayoyasema sikuyasikia sokoni.

Kulikuwa na msichana kutoka Kiriaini aliyekuja kufanya mtihani wake wa mwisho. Ilikuwa imenyesha usiku kucha na kule kwao barabara imekuwa uji. Alifika viatu mkononi, matope hadi magotini, dakika chache baada ya saa mbili. Aligonga. Mwalimu alimwonyesha saa yake ya mkononi kupitia kioo, akagonga juu yake kwa kidole, akarudi kugawa karatasi za mtihani. Msichana aliketi kwenye ngazi hadi saa ya chakula, hakulia, ila alikuwa akikwangua matope kwa kijiti kama mwenye kazi nyingi. Nilimwendea mwalimu nikamwomba amfungulie. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama muda wa kuingia umeshapita, amfungulie kwa muda upi? Alitoa swali hilo kama mtu aliyemaliza mjadala. Msichana hakurudi tena. Nasikia ana duka la nguo huko kwao na mambo yake ni mazuri, na nafurahi, maana hakuna hata uzi mmoja wa duka hilo unaodaiwa shukrani na mwalimu.

Kwa kompyuta alikuwa mtu mwingine. Kila moja ilikuwa na kitambaa chake cha kufumwa, cheupe chenye pindo la rangi, kama vile tunavyofunika viti vya sebuleni, na vyote vilifumwa na mkewe. Tulivua viatu mlangoni tusiingize vumbi, na darasa la watu ishirini waliovua viatu mwezi wa saba, soksi zimelowa, ni darasa usilolisahau. Alipangusa kibodi kwa pamba na spiriti. Stima ikipotea ghafula, na siku hizo ilipotea ikitaka, alipita akizigusa zile kompyuta moja moja kichwani na kuziambia pole. Nimemsikia kwa masikio yangu. Mwanafunzi mmoja alipofiwa na baba yake na kurudi baada ya mazishi, mwalimu alimpokea kwa kumwambia masomo aliyokosa, kwa majina yake na kwa mpangilio. Pole hakuitoa. Sijui kama alidhani ni kitu kinachokwisha kikitumiwa sana.

Habari ya ruracio yake, siku ya kupeleka mahari, niliipata kwa mkewe mwenyewe, aliyeisimulia akicheka, ingawa alifunika mdomo kwanza. Ruracio yetu kila mtu anaijua. Wazee wa mwanamume huchelewa, wa mwanamke hujifanya wamekasirika, lango hufungwa, akina mama huimba wengine ndani wengine nje, na nusu ya siku hupita watu wakifurahi kwa kucheleweshana. Siku yake wazee walikuwa wamekwama mahali wakibishana na mwenye gari la kubeba mbuzi. Saa iliyotajwa ikafika. Mwalimu akawaacha, akaenda lango la ukweni peke yake, akabisha. Akina mama wakatoka wakiwa wamejifunga leso tayari kuimba, wakamkuta bwana harusi mtarajiwa amesimama peke yake na saa yake, bila mzee, bila mbuzi. Wakamuuliza ameletwa na nani. Akawajibu kwamba wamekubaliana saa tano, na hii ni saa tano. Walimwacha hapo nje juani hadi wazee wake wakafika, na mpaka leo ukoo ule ukimtaja humwita aliyejileta.

Hilo lingemfunza mtu mwingine kitu. Yeye lilimfunza kwamba watu si wa kutegemewa.

Ndipo ikaja Python. Miaka ile ya tisini ikielekea kwisha, jamaa yake aliyekuwa akisoma ng'ambo alimletea sidii, ile sahani ya kompyuta, yenye lugha hiyo ya kuandikia programu. Hapa mjini hakuna aliyeijua. Yeye mwenyewe aliijua nusu, akaifundisha yote. Alitufundisha kwa sauti ya mtu anayesoma amri, na kati ya yote ambayo lugha ile ingeweza kufanya, alipenda jambo moja tu: kwamba unaweza kuiambia kompyuta ifanye kitu fulani saa fulani, kisha wewe ukaenda zako. Hesabu hazikumvutia, wala michoro. Alitaka kitu kitakachotii saa bila kuuliza, na baada ya maisha yake yote kati ya watu, hatimaye alikipata.

Kazi ya kwanza aliyoipa programu yake ilikuwa kengele. Kabla ya hapo niliigonga mimi, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye ngazi. Sasa kompyuta iliyokuwa mezani kwangu ikawa ndiyo inayolia, sauti kali kama ya panya aliyekanyagwa, saa ya kuingia, saa ya chai, saa ya kutoka. Alinionyesha inavyofanya kazi, na haikuwa ngumu. Programu iliiuliza saa ya kompyuta, tena na tena bila kupumzika: ni saa nne kamili? Bado. Ni saa nne kamili? Bado. Ikijibiwa ndiyo, inalia. Ikijibiwa kitu kingine chochote, inaendelea kuuliza.

Siku moja saa nne ilifika na kengele haikulia. Wakati huo huo alikuwa akinakili disketi kwenye kompyuta ile ile, ikiguguna na kuhema. Tuliona sote kwamba saa imefika, hata yeye. Wanafunzi wakaanza kuinuka waende chai. Akawaambia waketi, kengele haijalia. Wakaketi, wakangoja kengele ambayo ilikuwa haina mpango wa kulia tena hadi kesho yake saa nne, na chai ikapoa kwenye birika chini kwa mama muuza mandazi. Hakuna siku niliyomdharau kama hiyo, nilidhani. Sikujua kuna nyingine inakuja.

Mimi ni mtu wa Chaka, na mwalimu naye kwao ni upande huo huo. Tulisali kanisa moja Jumapili. Mwaka huo kideri kilipita kikafagia kuku wa Chaka kama moto wa nyasi. Boma lililokuwa na kuku thelathini lilibaki na manyoya. Mama yangu alibaki na majike watatu, Mama Wairimu jirani yetu watano, wengine mmoja, wengine hakuna. Akina mama wa kanisa wakakubaliana kwamba mayai ya kuku hao waliopona yasiliwe wala kuuzwa. Yakusanywe, yaanguliwe pamoja, kisha vifaranga vigawanywe kila boma lianze upya. Kuku wenyewe walikuwa wachache mno kuyalalia yote.

Mwalimu akasimama wakati wa matangazo, akasema ana mashine.

Mashine ilikuwa friji kuukuu isiyogandisha tena, aliyoilaza ndani ya chuo na kuitia balbu. Balbu mbili ziliwaka mchana na usiku. Nyingine nne zilikuwa za usiku, maana baridi ya mlimani mwezi wa saba inaingia hadi kwenye kabati. Hizo nne alikuwa ameziunga kwa nyaya hadi kwenye tundu la pili la printa nyuma ya kompyuta, na programu yake iliziwasha saa kumi na mbili jioni, ikazizima asubuhi. Alieleza haya yote kanisani. Akasema kuku hulala, kuku huugua, kuku huinuka kwenda kudonoa, lakini kompyuta ikiambiwa imeambiwa. Akina mama wakapiga makofi.

Kwa kuwa mimi mtoto wake nilikuwa nikifanya kazi pale, mama yangu ndiye aliyetumwa kuyapeleka mayai. Aliyapanga kwenye kiondo, kila yai limefungwa kipande cha nguo, akaketi nacho kwenye mapaja ndani ya matatu kutoka Chaka hadi Nyeri mjini, na mtu alipotaka kumsaidia kukipakua alikataa. Alipanda ngazi za chuo polepole, mguu mmoja mmoja, kama bibi arusi. Mwalimu alimngoja mlangoni. Mama alikuwa amefika kabla ya saa aliyoambiwa, kwa hivyo alifunguliwa.

Wiki zile mayai niliyageuza mimi kwa mkono, maana kazi hiyo mwalimu aliiona ya kijijini. Taa zilikuwa zake. Wiki tatu zikaisha na hakuna kilichogonga ganda. Siku moja zaidi, hakuna. Mama akaja, akalivunja yai moja nyuma ya jengo, na ndani mlikuwa na kifaranga mzima, ana manyoya, ana kucha, amekufa. La pili hivyo hivyo. Alivunja mengi, kisha akaacha, akasimama tu akijipangusa mikono kwenye aproni ambayo haikuwa na uchafu.

Mwalimu alishuka, akatazama, akatoa hukumu. Mashine yake ilikuwa imefanya kazi kila siku kwa saa yake. Asubuhi zote joto lilikuwa sawa. Kwa hivyo kosa lilikuwa kabla ya mashine. Mayai yalitikiswa njiani. Jumapili akawaambia akina mama hivyo hivyo nje ya kanisa, bila chuki, kama anayeripoti hali ya hewa, na wakamwamini kwa sababu alikuwa mwalimu na alikuwa na sidii kutoka ng'ambo.

Hakuna aliyemtukana mama. Watu wa kwetu hawafanyi hivyo. Walimpa pole, wote, kwa sauti ya chini. Ila vikombe vya ushirika, ambavyo yeye ndiye aliyekuwa akivibeba kutoka nyumba ya mchungaji miaka yote, mwanamke mwingine alivichukua Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Maziwa ya chai ya mazishi yakabebwa na wengine. Sufuria, wengine. Kukawa na adabu kubwa sana kuhusu kutompa mama yangu chochote mkononi. Yeye naye akaanza kubeba vitu vyake mwenyewe kwa mikono miwili, hata kikombe kitupu. Mara nyingine tukiwa jikoni aliniuliza, bila kunitazama, kama labda aliketi vibaya kwenye gari, labda juu ya gurudumu. Nilimwambia hapana. Lakini mimi nilikuwa mtoto wake, na neno la mtoto wako katika jambo kama hilo halina uzito.

Niliacha kazi ile. Nilipata nafasi katika ofisi moja huko Murang'a, nikaaga siku ya mwisho, na mwalimu akanitakia heri na kunikumbusha kwamba nimeondoka dakika kumi kabla ya saa ya kutoka.

Mwaka ulipita na zaidi kidogo. Nilikuwa nimekuja nyumbani Chaka kwa sikukuu wakati mwalimu alipotuma neno kwamba atamtembelea mama Jumamosi saa tisa. Nilitaka tutoke tumwache agonge mlango wa nyumba tupu. Mama akasema mgeni ni mgeni, akaweka maji motoni.

Alifika saa tisa. Aliketi ukingoni mwa kiti, akakataa mandazi, na niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona usoni kwake, furaha. Kengele yake ya chuo ilikuwa imekataa kulia tena, na safari hii alikuwa ameketi na programu hadi akajua kwa nini. Alitaka kumweleza mama. Nilidhani amekuja kuomba msamaha. Alikuwa amekuja kueleza.

"Ni alama moja tu, mama," alisema. "Kwa taa pia nilikuwa nimeandika saa ikuwe sawa na kumi na mbili kamili. Ningeandika sawa ama zaidi. Sasa kuna Jumamosi moja jioni nilikuwa naprinti vyeti. Kompyuta ikalemewa kidogo. Ikauliza saa, bado. Kuja kuuliza tena, sekunde imepita. Basi ikangoja kesho."

"Ati ikangoja kesho," mama alisema.

"Eeh. Hiyo usiku yote mayai ilikuwa na zile balbu mbili peke yake. Jumapili jioni zingine zikawaka. Jumatatu tukikuja, joto ni sawa, huwezi jua."

Mama aliweka birika chini. Alimuuliza amejuaje ni jioni ile.

"Nakumbuka kwa sababu ya vyeti. Na nilipofunga mlango niliangalia kwa kioo, nikaona taa za usiku hazijawaka."

"Uliona."

"Niliona. Nikasema zitawaka."

"Na funguo ilikuwa wapi, mwalimu?"

"Hapa," alisema, akafungua kiganja kana kwamba bado imo. "Niko nayo mkononi. Lakini nilikuwa nimeshafunga."

Sijui nilikuwa nimeshika nini, ila mama aliniambia nikiweke mezani. Kisha akamgeukia. Sikuwahi kumsikia akizungumza taratibu vile.

"Kwa hivyo mimi sikutikisa kitu."

"Hapana. Ni ile alama."

"Kesho utasema hivyo kanisani. Vile uliwaambia ni mimi, utawaambia tena."

Alikubali mara moja. Nadhani alifurahi kupata watu zaidi wa kuwaeleza. Alimaliza chai, akaaga, na mama akamsindikiza hadi langoni kama mgeni yeyote, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama mbele. Alieleza programu. Alieleza sekunde ni nini, na jinsi kompyuta inavyouliza saa, na tofauti kati ya kitu kuwa sawa na kitu kuwa sawa ama zaidi. Alichora ile alama hewani kwa kidole, kwanza upande wetu, kisha akageuka akaichora upande wa wanaume. Mzee mmoja alilala. Watoto walichora hewani pia. Akina mama walimtazama kwa heshima ile ile ya siku aliyowaletea habari za mashine, na hawakuelewa hata neno. Alisema kosa limerekebishwa. Hakutaja kioo, hakutaja funguo, hakumtaja mama. Sidhani alificha. Kwake hayo hayakuwa sehemu ya habari. Akaketi, ametosheka kabisa, na mchungaji akasema asante mwalimu, akafungua karatasi ya tangazo jingine.

Mama akasimama. Wanawake wa kwetu hawasimami hivyo bila kuitwa.

"Anasema si mimi," alisema, akaketi.

Nilitaka aendelee. Nilitaka aseme funguo ilikuwa mkononi, aseme mtu yule alisimama nje ya mlango wake akawatazama vifaranga wetu kwenye baridi, akaenda nyumbani kwa sababu ilikuwa saa ya kwenda nyumbani. Nilimshika mkono, nikamvuta kidogo. Aliutoa mkono wake, akauweka mapajani. Mchungaji alingoja, kisha akatangaza sadaka.

Kwetu asiye na pesa hutoa alicho nacho, kabichi, maharagwe, kibuyu cha maziwa. Watu wakaanza kuinuka kwenda mbele. Mama Wairimu, aliyekuwa amepoteza mayai mengi kuliko wote, alitoka kwenye benchi lake na badala ya kwenda mbele akaja nyuma, hadi tulipokuwa. Alifungua leso. Ndani yake mlikuwa na mayai mawili ya kahawia.

"Nibebee hii mbele," alimwambia mama. "Leo magoti inaniuma."

Mama aliyapokea kwa mkono mmoja, akayapeleka.